Tumerudi kutoka Mara kutafuta simba, chui na duma: tuliyoyaona, na kosa tulilomfanyia duma

#1 MwanaUmoja (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, habari za jioni. Nimerudi Nairobi jana usiku, vumbi la Narok bado halijatoka kwenye begi, na sikutaka wiki iishe kabla sijaandika. Mwezi wa saba kuna watu humu waliniuliza kama kwenda hifadhi ya Maasai Mara kuwaona paka wakubwa ni jambo la Mkenya wa kawaida ama ni la wageni peke yao. Ni letu pia, na nitaeleza tulivyofanya. Lakini siku ya pili tulifanya jambo ambalo limenikaa kifuani hadi sasa. Kwa sababu ya hilo ndipo nimefungua uzi huu.

Tulikuwa saba: mimi na mke wangu, wanetu wawili, shemeji yangu, na majirani wawili wa hapa plotini. Tuliwangojea watoto wafunge shule Agosti. Tukachanga elfu ishirini na mbili kila mtu mzima, tukakodi van ya watalii yenye paa la kuinua pamoja na dereva wake, siku tatu, tukalala kwenye kambi ya mahema ya bei nafuu nje ya hifadhi karibu na lango la Sekenani. Ukiwa peke yako gharama ya gari itakumaliza. Mkiwa wengi inagawanyika. Ada ya kuingia Mara inakusanywa na Kaunti ya Narok, si KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), na huwa inabadilishwa, kwa hiyo uliza kabla ya kusafiri. Kitambulisho usikisahau nyumbani, la sivyo hutathibitisha kwamba wewe ni mwananchi.

Tulitoka Umoja saa kumi alfajiri. Kulipopambazuka tulikuwa tunateremka kuelekea Mai Mahiu, pale kwenye kikanisa kilichojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Chai tulinywa Narok. Lami sasa inafika hadi Sekenani, hakuna tena ile safari ya kuvunja mgongo ambayo wazee wetu walikuwa wakiisimulia.

Simba tuliwapata siku ileile, saa tisa alasiri, upande wa Talek. Majike sita na watoto kadhaa chini ya mgunga mmoja, wengine wamelala chali, miguu juu. Wanangu walisisimka kwa dakika tano, kisha wakaanza kuulizia biskuti. Simba hulala hadi saa ishirini kwa siku, hivyo mtu akikuahidi simba wa kukimbiakimbia adhuhuri, huyo anakuuzia gari. Dereva wetu alizima injini akasema, "Tukae." Tukakaa saa mbili na nusu.

Nataka niseme kuhusu kukaa huko. Jike aliyekuwa karibu nasi alikuwa umbali wa kutoka hapa mlangoni hadi lango la ploti. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika zamani na kupona vibaya. Pua yake ilikuwa ya waridi iliyokwisha kuingia madoa meusi, na dereva akatuambia kwamba simba akizidi kuzeeka pua huzidi kuwa nyeusi. Binti yangu alimwelekezea darubini akaona vitone vyeusi pale ndevu zinapochomoza, vimejipanga mistari, akavihesabu na kuviandika. Nzi walikuwa wanamtua machoni, naye hafumbi. Kufika saa kumi na moja na nusu dume fulani akanguruma mbali, upande wa mto. Jike wetu akainua kichwa na kumjibu. Nilikuwa nimeegemea mlango wa van, na bati likatetemeka chini ya kiwiko changu. Hakuna aliyesema neno humo ndani mpaka tulipofika kambini.

Sasa siku ya pili.

Saa mbili asubuhi redio ya dereva ikasema kuna duma. Tulipofika alikuwa juu ya kichuguu, jike mwenye watoto watatu wadogo, wale ambao bado wana manyoya marefu ya kijivu mgongoni. Mbele yake, kama mita mia mbili, swala tomi walikuwa wanakula. Alishuka, akawaacha watoto kwenye nyasi, akaanza kunyata. Kichwa usawa wa mabega, mguu mmoja umening'inia hewani, anatulia, anasogea tena. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika.

Magari yakazidi kuja. Shemeji yangu alihesabu kumi na tisa. Sisi tulikuwa la nane. Na mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nilimwambia dereva, "Sogea kidogo mbele, watoto hawaoni vizuri." Akasogea. Wa nyuma yetu akaona tumesogea, naye akatuzunguka na kupita katikati, kati ya duma na swala. Swala wakainua vichwa, wakaanza kurukaruka kwa miguu minne, wakaondoka.

Duma akaketi. Akawatazama wakienda mpaka wakaisha machoni. Kisha akarudi alikotoka, akipita kwenye upenyo kati ya bampa mbili, akiwaita watoto kwa sauti nyembamba kama ya ndege. Nilimwona akipita chini ya dirisha langu. Hakunitazama. Mwanangu wa kiume, ana miaka tisa, akaniuliza, "Baba, sasa watakula nini?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Ya chui nitaleta kesho, usingizi umenizidi.

#2 ChaiYaRangi

Pole sana mkuu, na asante kwa kusema ukweli. Swali langu ni la mtu asiyejua: mimi nimekua hapa Nairobi nikiwaita wote chui. Duma na chui mnawatofautisha vipi? Picha nikitumiwa kwenye simu naona madoa tu.

#3 DerevaWaMbugani

Ndugu ChaiYaRangi, hata watu wazima wengi hapa kwetu huchanganya. Mtazame usoni. Duma ana mistari miwili myeusi inayoteremka kutoka jichoni hadi mdomoni, kama mtu aliyelia machozi ya masizi. Chui hana. Madoa ya duma ni vidoa vilivyojaa, kimoja kimoja. Ya chui yamejikusanya kama maua, katikati kuna rangi nyingine. Halafu umbo: duma ni mrefu, kiuno chembamba, kichwa kidogo. Chui ni mfupi wa miguu, mzito wa mabega na shingo. Ukimwona mchana kweupe juu ya kichuguu anaangaza macho uwandani, karibu kila mara huyo ni duma. Chui atakuwa mtini ama kichakani, na mara nyingi yeye ndiye atakayekuona wewe.

Sasa nije kwako MwanaUmoja. Nimeendesha gari la watalii miaka kumi na tisa, kwa hiyo niruhusu niseme kwa upande wetu. Dereva wako alijua amekosea. Sisi sote tunajua. Kanuni ya Mara ni magari matano tu kwa paka mmoja, wengine mnangoja mbali, mnapokezana kwa dakika kumi, na hakuna kukaribia chini ya mita ishirini na tano. Lakini dereva analishwa na bahasha ya bakshishi ya siku ya mwisho. Abiria akisema "sogea", na gari la jirani limesogea, dereva anawaza ada ya shule. Nimewahi kukataa kusogea, na wageni wakaninunia siku mbili, wakashuka uwanja wa ndege bila hata kuniaga. Sijisifu, mara nyingine nami nimesogea.

Kwa duma jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Duma hapigani. Kasi yake inapita kilomita mia moja kwa saa, lakini ni kwa mita mia chache tu, baada ya hapo amekwisha, anahema, hawezi hata kuanza kula. Akiumia mguu hawindi, asipowinda hali. Hata akifaulu, simba ama fisi wanaweza kuja kumnyang'anya, naye huwaachia. Kwa hiyo kila windo tunaloharibu, yeye ameshalilipia kwa nguvu zake. Kuna utafiti uliofanyika hapo hapo Mara na kuchapishwa mwaka 2018: sehemu zenye watalii wengi, jike wa duma alikuza kwa wastani watoto 0.2 kwa kila uzao. Sehemu zenye watalii wachache, 2.3. Someni hizo namba mara mbili. Na sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu duma 1,160 katika Kenya yote.

Tiba iko mikononi mwa abiria. Asubuhi ya kwanza kabla gari halijawashwa, mwambie dereva: "Sisi hatuna haraka. Tukikuta magari matano, tupeleke kwingine. Bahasha yako iko palepale." Utamwona mabega yakishuka. Ukimpa dereva ruhusa hiyo, atakuonyesha mbuga ambayo redio haiijui.

Maana paka hatafutwi kwa redio, anatafutwa kwa wanyama wengine. Twiga wakisimama wote wakitazama upande mmoja bila kutafuna, nenda upande huo polepole. Kanga wakipiga kelele kichakani, tumbili wakikohoa juu ya mti, swala pala wakikoroma kwa pua, hapo kuna mtu wa meno. Tumbusi wakishuka mmoja baada ya mwingine, kuna mzoga. Na alfajiri tazama barabara yenyewe: wayo wa simba hauna alama ya kucha kwa sababu huzificha, wa duma utaona kucha, maana zake haziingii zote ndani. Fisi naye huacha alama za kucha, ila wayo wake umepinda na ni mpana zaidi mbele.

Mwenye uwezo kidogo zaidi alale kwenye hifadhi za jamii zinazoizunguka Mara, kama Naboisho ama Olare Motorogi. Ardhi ni ya wenyeji Wamaasai, kambi zinawalipa kodi, na magari yamewekewa kikomo. Ni ghali, sikatai. Lakini huko nimekaa na duma mmoja asubuhi nzima, mimi na gari jingine moja.

#4 MwanaUmoja

DerevaWaMbugani, nimekusoma nikamsomea na mke wangu. Asante mzee. Hayo ya bahasha sikuwahi kuyafikiria hata kidogo, na ningeyajua kabla, yule duma pengine angekula.

Jioni ile nilimwambia dereva wetu maneno karibu na hayo yako. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kesho tuzime redio." Na chui tulimpata kwa njia hiyo.

Siku ya tatu, saa moja kasoro asubuhi, tulikuwa tunafuata kijito kinachoingia mto Talek. Swala pala dume akakoroma. Dereva akasimama, akazima, akasubiri. Akakoroma tena. Tukatazama vichaka tukachoka, hakuna kitu. Jirani yetu, mama ambaye hakuwa amesema lolote tangu Nairobi, ndiye aliyenyoosha kidole kwenye mti mkubwa wa mwegea, ule unaotoa matunda marefu kama soseji. Kati ya matunda yale, moja lilikuwa linacheza ncha. Lilikuwa mkia.

Alikuwa amelala juu ya tawi, miguu minne imening'inia pande zote mbili, na kwenye panda ya juu yake palikuwa na nusu ya swala amebanwa kichwa chini. Alikuwa amempandisha yeye mwenyewe, mzigo wa karibu uzito wake, ili fisi wasimfikie. Tulisikia akitafuna mfupa. Mlio ni kama wa mtu anayekanyaga vijiti vikavu taratibu. Tulikuwa peke yetu, gari moja, dakika arobaini. Lilipofika la pili tuliwapisha tukaondoka, na hakuna hata mmoja wa sisi saba aliyelalamika.

#5 Mama_Kitengela

Hamjambo wanangu. Huwa nasoma tu humu, leo imebidi niandike.

Nyinyi mnawatafuta simba kwa gharama. Mimi wananijia bila kuwaita. Tunaishi ng'ambo ya kusini ya Mbuga ya Nairobi, upande ambao hauna ua. Pande tatu zina ua, huku wameacha wazi ili nyumbu na punda milia watoke wakati wa mvua na kurudi kiangazi, kama walivyofanya tangu kabla Nairobi haijawa mji. Nyumbu wakitoka, simba wanawafuata. Lakini sasa mahali walipokuwa wakipita pana ploti, ua, machimbo ya mawe, na zizi langu.

Mwaka juzi, usiku wa mvua, waliruka na kuua ng'ombe wawili, mmoja alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimkuta asubuhi. Ulimi ulikuwa nje, na ndama alikuwa anaonekana. Nilikaa chini kwenye tope. Wanangu wa kiume walichukua mikuki, wakatoka, nikawafuata barabarani nikawazuia kwa kulia. Sikuwazuia kwa sababu nampenda simba kuliko ng'ombe wangu. Niliwazuia kwa sababu nakumbuka Machi 2016, yule dume aliyeitwa Mohawk alipotoka akafika hadi Isinya, watu wakamzunguka, na mwishowe akapigwa risasi. Nilimwona kwenye runinga amelala kwenye nyasi, nywele zake zimesimama vilevile. Hakuna ng'ombe wa mtu aliyefufuka siku hiyo.

Kilichonisaidia ni taa. Kuna kijana wa huku kwetu, Richard Turere, ambaye akiwa bado mtoto wa shule aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki na paneli ya sola, akafunga balbu kuzunguka zizi la baba yake, zikawa zinawaka kwa zamu kana kwamba kuna mtu anazunguka na tochi. Mwaka 2013 alikwenda kueleza jambo hilo Marekani kwenye jukwaa la TED. Mimi nimefunga taa za namna hiyo, na tangu wakati huo wamekuja mara tatu, nimeona nyayo zao nje, hawakuingia.

Ninachowaomba ni kimoja. Mkienda kuwatazama, mwulize mwenye kambi ama mwenye gari: fedha hii inamfikia mwenye ng'ombe? Akijibu bila kuzungukazunguka, mpeni biashara yenu.

#6 ChaiYaRangi

Mama, shikamoo, na pole kwa ng'ombe wako. Sikujua kama kuna simba wanaotoka na kurudi hapo karibu na sisi. Kwani mtu anaweza kuwaona hapa hapa Nairobi bila kwenda Mara?

#7 MwalimuMstaafu

Anaweza, na ningependa kila mtoto wa mji huu aanzie hapo. Mbuga ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza katika Kenya, kilomita za mraba 117. Tembo hakuna, lakini simba wapo, chui wapo kwenye msitu wa upande wa magharibi, na vifaru wa kutosha. Duma ni bahati. Matatu za Rongai, 125 na 126, zinapita langoni pale Lang'ata Road, ila ndani unahitaji gari. Hata gari dogo linatosha kiangazi, lakini mvua ikinyesha ule udongo mweusi hautakuachia. Malipo ni ya KWS, kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Msichanganye mbuga na kile kituo cha wanyama yatima kilicho langoni: pale wako kwenye vizimba.

MwanaUmoja, umenifurahisha ulipotaja binti yako kuhesabu vitone vya ndevu. Hajui alichokifanya. Mpangilio wa vitone vile haufanani kati ya simba na simba, kama alama ya kidole. Na njia ya kuwatambua simba kwa vitone hivyo ilichapishwa mwaka 1970 na watafiti Pennycuick na Judith Rudnai, na Rudnai aliwachunguza simba wa Nairobi, hawa hawa wa Mama Kitengela. Mwambie binti akija na daftari lake hapa atakuwa anaendeleza kazi iliyoanzia hapa.

Mkipata muda wapelekeni pia Makumbusho ya Reli. Kuna behewa ambalo mwaka 1900 lilisimama stesheni ya Kima na wanaume watatu ndani, wakimvizia simba mla watu. Aliyekuwa zamu, afisa wa polisi Charles Ryall, alipitiwa na usingizi. Simba akaingia, akamtoa kupitia dirishani. Huwa nawasimamisha wanafunzi mbele ya dirisha lile, nawaacha walitazame wenyewe.

#8 MwanaUmoja

Mwalimu, binti yangu amesoma ujumbe wako akakimbia kutafuta penseli ya rangi.

Basi nimeamua. Jumamosi hii tunaingia Mbuga ya Nairobi. Tuwe langoni saa kumi na mbili kasorobo, lango likifunguliwa tu tunaingia. Gari ni la shemeji, nafasi zilizobaki ni mbili. Masharti ni haya: simu bila sauti, tukifika tunazima injini, na mtu haambii dereva "sogea". Tukikosa simba, tutakaa kwenye bwawa tuwatazame viboko.

#9 ChaiYaRangi

Niwekee moja. Ya pili ni ya mdogo wangu, hajawahi kuingia.

#10 DerevaWaMbugani

Jumamosi niko Amboseli na wageni. MwanaUmoja, ukiwaona twiga wamesimama, usipite haraka.

#11 Mama_Kitengela

Usiku wa kuamkia leo, saa tisa, nimewasikia tena ng'ambo ya mto Mbagathi. Ni wawili, mmoja akiita na mwingine akijibu. Anzieni huku kusini.